Chuma cha Kwanza Sikioni

Ukikaa barazani kwa duka lolote la Nyalikungu wakati pamba imeshapimwa na fedha zimeanza kutembea mjini Maswa, hutamaliza asubuhi bila kusikia maneno haya: "Mimi damu yangu haipatani na feki." Anayeyasema mara nyingi ni mwanamke, ameishika hereni kwa vidole viwili, na anairudisha mezani. Wenzake hucheka. Wanaona anajikweza, kwamba yeye ni wa dhahabu na hizi za shilingi elfu moja ni za wengine. Nimemsikia mama mmoja akimsimanga mkaza mwanawe kwa jambo hilohilo: tangu lini ngozi ya binti wa mkulima ikachagua? Binti hakujibu. Masikio yake yalikuwa yamevimba, yanatoa majimaji, na nyuma ya kila ndewe ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi, nene, yenye magamba.

Nataka kumtetea binti yule, na wote wanaosema kama yeye. Wanachokisema juu ya damu si sahihi sana, lakini wanachokihisi ni kweli tupu. Ngozi zao zinakataa kitu mahususi, na kitu hicho hakijali bei. Kinaweza kuwa ndani ya hereni ya elfu moja na kinaweza kuwa ndani ya pete ya laki tano. Kwa wengi wao ni nikeli.

Nikeli ni chuma cheupe, kigumu, chenye mng'ao mzuri, kisichoshika kutu upesi. Mswidi Axel Cronstedt ndiye aliyeitenga, mwaka 1751. Viwanda vinaipenda kwa sababu zilezile zinazompendeza mnunuzi. Pambo la shaba au la zinki likichovywa nikeli linang'aa, na rangi ya dhahabu ikitakiwa kushika vizuri juu yake, tabaka la nikeli mara nyingi ndilo linalotangulia chini. Kwa hiyo hereni inayometameta mezani huwa na dhahabu kidogo sana juu, nikeli chini yake, na katikati chuma cha bei rahisi. Dhahabu ile ikishalika, na hailiki kwa miaka bali kwa wiki, kinachokutana na sikio ni nikeli.

Kisha linakuja jasho. Jasho lina chumvi, na chumvi hiyo huila nikeli taratibu, ikaimomonyoa chembe ndogo mno. Chembe hizo hupenya ngozini na kujishika kwenye protini za mwili, na askari wa mwili, seli nyeupe ziitwazo seli T, huziona ni mgeni. Mara ya kwanza hakuna kinachoonekana. Askari wanajifunza sura ya mgeni tu, na kujifunza huko kunaweza kuchukua wiki chache au miaka mingi, mtu akiwa anavaa hereni zilezile bila shida yoyote. Wakishajifunza hawasahau, kwa kawaida hadi mwisho wa maisha. Siku nikeli itakapogusa tena, wanarudi, na safari hii wanakuja kupigana.

Vita hiyo huchelewa. Muwasho huanza saa kadhaa baadaye na hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Hereni imevaliwa Jumamosi harusini, Jumapili imevuliwa na kurudishwa kwenye kopo, Jumatatu sikio linawaka. Na Jumatatu ndiyo siku ambayo mwenye sikio alifulia sabuni mpya, kwa hiyo sabuni inalaumiwa. Au dagaa. Au mtu aliyemtazama vibaya kule harusini. Kuchelewa huko ndiko kunakoificha nikeli, na ndiko kunakomfanya mwenye aleji aonekane mtu wa visingizio, leo anavaa na kucheka, keshokutwa analalamika.

Huku kwetu jasho halina msimu mrefu wa kupumzika. Mwanamke wa Maswa analima na bangili mkononi, anapalilia pamba na hereni masikioni, anabeba maji na cheni shingoni. Pambo ambalo katika nchi ya baridi lingekaa miezi bila kuudhi, hapa linaoshwa kwa jasho kila siku. Nadhani hili halizingatiwi vya kutosha. Mashauri mengi juu ya mapambo yameandikwa kwa ajili ya mtu anayevaa cheni jioni, akitoka kwenda kula chakula, na kuivua kabla ya kulala.

Hata sura ya ugonjwa wenyewe imeelezwa kwa ajili ya ngozi nyingine. Vitabu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Kinachoonekana ni weusi uliozidi au rangi ya zambarau iliyofifia, vipele vidogo vilivyosongamana, ukavu wenye magamba, na baada ya kupona alama nyeusi inayobaki miezi. Alama hiyo ndiyo watu huiona wakadhani mtu hajioshi. Iko nyuma ya shingo pale kifungo cha cheni kinapolala, iko kwenye kifundo pale saa inapokaa, iko chini ya kitovu pale kifungo cha suruali ya jinzi kinapogusa tumbo. Sehemu hii ya mwisho huwashangaza wengi, maana hata Msabato asiyevaa pambo lolote ana mkanda wenye kichwa cha chuma. Nimeona mzee akijikuna chini ya kitovu miaka mingi na kutibiwa fangasi kila mara, hadi fundi cherehani alipomshonea kitambaa cha pamba nyuma ya kifungo. Baada ya hapo tumbo likatulia.

Yako mambo mawili yanayochanganywa na aleji, na ni vizuri kuyatenga. La kwanza ni ukijani. Bangili ya shaba, nyekundu au njano, hukutana na jasho na kuacha rangi ya kijani mkononi. Watu wanaogopa, wanaitupa. Ukijani ule ni shaba iliyoungana na jasho, hunawika kwa maji na sabuni, na hauna uhusiano na aleji kama hakuna muwasho wala vipele. Aleji ya shaba yenyewe ipo lakini ni nadra. La pili ni sabuni iliyonaswa chini ya pete. Mama lishe anayeosha vyombo kutwa na pete kidoleni hupata ngozi iliyolainika, iliyochubuka, inayowasha chini ya pete, hata pete ikiwa ya dhahabu safi. Huyo anahitaji kuivua pete anapoosha na kukausha kidole vizuri. Kubadili pete hakutamsaidia.

Mezani kwa kijana muuza hereni, karibu na sokoni, nilisikiliza mazungumzo yaliyonikaa kichwani. Mama mmoja wa makamo, mtoto wa kike mgongoni, aliokota jozi ya hereni ndogo za duara.

"Baba, hizi zinapauka?"

"Hazipauki, mayu. Oga nazo, lima nazo, ziko vilevile."

"Zimetengenezwa na nini?"

"Stili hizo."

"Na hizi?"

"Nazo stili."

"Na hizi za dhahabu?"

Kijana akasita. "Hizo zimechovywa, ila ndani ni stili."

Hakuwa anamdanganya. Alikuwa anasema alichoambiwa Mwanza, na aliyemwambia kule Mwanza aliambiwa Kariakoo, na Kariakoo waliambiwa na aliyepakia kontena. Kila mmoja kwenye mnyororo huo anajua bei aliyonunulia na bei atakayouzia. Anajua inapauka au haipauki, kwa sababu hilo mteja hulirudia dukani na kulilalamikia. Imechanganywa na nini, hakuna aliyeulizwa, kwa hiyo hakuna anayejua. Na kutopauka, sifa ambayo sisi wanunuzi tumeifanya kuwa kipimo cha uzuri, haisemi lolote juu ya ngozi. Kitu kinaweza kung'aa miaka miwili na kuwa kinamwaga nikeli muda wote huo.

Kijana mwingine pale pale alitoa sumaku kuonyesha kwamba mali yake ni safi. Sumaku inasaidia kugundua chuma cha kawaida kilichofichwa chini ya rangi. Kwa nikeli haisaidii. Nikeli safi huvutwa na sumaku, ni kweli, lakini ikishachanganywa na shaba mara nyingi haivutwi tena, na tabaka lililochovywa ni jembamba mno kiasi kwamba sumaku hailihisi. Ipo fedha inayoitwa fedha ya Kijerumani, nyeupe, nzuri kwa macho, inayotengenezewa vikuku na hereni sehemu nyingi za dunia. Ndani yake kuna shaba, nikeli na zinki, na fedha hata chembe haimo. Sumaku haitaigusa.

Kipimo chenyewe cha nikeli si cha ajabu. Mkemia Mrusi Lev Chugaev alikigundua mwaka 1905: dawa iitwayo dimethili-glioksimu, ikitiwa amonia kidogo, hugeuka rangi ya waridi inapokutana na nikeli. Unalowesha kipande cha pamba, unasugua hereni nusu dakika hivi, unatazama pamba. Ikibaki nyeupe, hereni haimwagi nikeli kwa kiasi cha kutisha. Ikiwa ya waridi, irudishe mezani. Mwalimu wa kemia anaifahamu kazi hii. Natamani sana chupa moja ya dawa hiyo iwe kwa kila muuza jumla wa mapambo pale Mwanza, isuguliwe kwenye pambo mbele ya mnunuzi kama mizani ya pamba inavyosomwa mbele ya mkulima. Jambo lenyewe ni lilelile, mwenye mali na mwenye fedha waone kitu kimoja kwa macho yao.

Nikeli yenyewe haiko mbali na sisi. Ukitoka Bariadi kuelekea Lamadi unapita Dutwa, na kwenye vilima vya huko kampuni ya Uingereza, African Eagle Resources, ilichoronga na kukuta nikeli pamoja na kobalti kwenye udongo uliooza juu ya miamba ya kale. Mkoani Kagera, Ngara, iko hazina kubwa zaidi ya Kabanga, ambayo kwa ajili yake Serikali ilisaini mkataba Januari 2021 na kuanzishwa kampuni ya Tembo Nickel, Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Hayo yote ni kwa ajili ya betri za magari na chuma cha pua, si hereni. Na mtu kutembea juu ya kilima cha Dutwa hakumletei vipele, maana nikeli ya mle imefungwa ndani ya udongo na mawe. Nimeitaja kwa sababu watu wa mkoa wetu wa Simiyu wamezoea kulisikia jina hilo kwenye mikutano ya maendeleo, likihusu ajira, fidia na barabara. Wachache wamelisikia kwa mganga wa ngozi. Ni vizuri habari hizo mbili zikutane kichwani mwa mtu mmoja.

Usukuma haukuanza kuvaa chuma jana. Msafiri wa Kizungu, Speke, alipopita huku mwaka 1858, akafika Mwanza mwezi Agosti na kuliona ziwa, msafara wake ulikuwa umebeba kile ambacho kila msafara wa pwani ulibeba: nguo, shanga na nyaya. Nyaya nene za shaba njano kutoka Unguja ziliitwa masango, na mafundi wa bara walizivuta na kuzisokota kuwa vitindi vya mikono na pete nyembamba za miguu. Shaba nyekundu ilitoka upande mwingine, Katanga, ikibebwa na Wanyamwezi na Wasumbwa, na Msiri aliyejijengea utawala kule Bunkeya alikuwa mtu wa upande wetu huu. Majembe yalitoka Uzinza, kwa wahunzi Warongo. Watemi wa Unyamwezi walivaa duara la kombe la bahari, na hakuna chuma chochote ndani ya kombe.

Siyasemi haya ili kusema zamani ngozi zilikuwa salama. Zilikuwa na mateso yake. Ila mvaaji wa kitindi aliweza kumwona fundi, na fundi aliujua waya aliokuwa anausokota. Umbali kati ya mkono unaotengeneza na mkono unaovaa ulikuwa mfupi, na swali la "hiki ni nini?" lilikuwa na mtu wa kulijibu. Leo umbali huo ni bahari nzima, na swali limekufa njiani.

Jambo linalonigusa kuliko yote ni masikio ya watoto wa kike. Askari wale wa mwili hujifunza haraka zaidi pale ngozi inapokuwa na jeraha, na tundu jipya la sikio ni jeraha. Chuma kinachopita kwenye tundu bichi kinagusana moja kwa moja na nyama mbichi na majimaji, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Kama chuma hicho kinamwaga nikeli, mtoto anafundishwa aleji ya maisha kabla hajajua kutamka neno hereni. Hii ndiyo sababu kubwa inayofanya wanawake wawe na aleji ya nikeli kuliko wanaume mara kadhaa katika nchi zilizopimwa. Ngozi ya kike si dhaifu. Imetogwa mapema, basi.

Denmark waliliona hili mapema. Mwaka 1990 walianza kuzuia mapambo yanayomwaga nikeli kupita kiasi, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa agizo la mwaka 1994. Kiwango kinachoruhusiwa leo kwa kitu kinachogusa ngozi muda mrefu ni mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa wiki, na kwa kinachoingia kwenye tundu la mwili ni 0.2. Angalia wanachokipima: kinachotoka kwenye pambo, si kilichomo ndani yake. Na matokeo yalionekana. Wasichana wa Denmark waliotogwa baada ya sheria walipata aleji hiyo kwa kiasi kidogo kuliko dada zao waliotogwa kabla. Ngozi zao zilikuwa zilezile na mtindo wa kutoga ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni chuma cha kwanza.

Nilipolisoma jambo hilo nilimkumbuka bibi mmoja aliyekuwa akitoga watoto wa kitongoji chetu. Alikuwa na sindano ya kushonea, uzi mweusi wa pamba, na kikombe cha mafuta. Alikanda ndewe kwa vidole hadi ikafa ganzi, akapitisha sindano, akaukata uzi na kuufunga kitanzi kidogo. Kila asubuhi kitanzi kilizungushwa na kupakwa mafuta. Tundu lilipokauka, uzi ulitolewa na mahali pake pakaingia njiti ya ufagio, iliyokatwa fupi na kuchongwa ncha zote mbili zisichome. Wasichana walikwenda shule na njiti zao masikioni, mbili mbili, miezi na miezi, hadi mzazi apate hela ya hereni.

Tulikuwa tunaiona njiti ile kuwa dalili ya umaskini, na wasichana wenyewe waliionea haya. Leo nasema bila kusita kwamba kwa upande wa aleji bibi yule alikuwa anafanya jambo zuri kuliko mashine nyingi za kutogea zilizopo mjini. Uzi wa pamba hauna nikeli. Njiti haina nikeli. Tundu lilipona kabla halijakutana na chuma chochote. Kwa upande mwingine sindano yake moja ilipita masikio mengi, na hapo sina la kumtetea: pepopunda, homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita kwenye sindano, na njiti chafu huleta usaha. Ningependa tuchukue subira yake tuiache sindano yake. Sindano mpya ya zahanati, mikono iliyonawa, mtoto aliyekamilisha chanjo, kisha kitu kisichomwaga nikeli hadi tundu lipone kabisa. Na familia ambayo makovu yake huota na kuvimba kupita jeraha lenyewe ifikirie mara mbili kabla ya kutoga.

Kitu hicho kiwe nini? Titani ingekuwa jibu la kwanza la daktari wa ngozi. Ni nyepesi, haiwashi, ndiyo inayotumika kwenye mifupa bandia. Lakini sijaiona mezani Nyalikungu, na ushauri usioweza kununuliwa hauna msaada. Mtu wa Maswa ana njia tatu za kweli, nazo hazilingani.

Stili ndiyo iliyo karibu. Chuma cha pua kizuri, kile ambacho mafundi hukiita 316L, kina nikeli asilimia 10 hadi 14 ndani yake, na watu wakisikia hivyo hushtuka. Kina pia kromi, ambayo huunda utando mwembamba juu ya chuma na kuifungia nikeli ndani. Kwa hiyo kinamwaga kidogo sana, na wengi wenye aleji hukivaa kwenye tundu lililopona bila tabu. Kwa tundu bichi la mtoto nisingekichagua, hasa nikikumbuka kwamba kila kitu kwenye meza ile kinaitwa stili.

Fedha yenye alama 925 ni fedha asilimia 92.5, na kinachobaki kwa kawaida ni shaba. Ni njia nzuri na bei yake inafikika. Huwa nyeusi ikikaa, na hapo watu huirudisha dukani wakisema ni feki. Weusi huo ni wa fedha yenyewe ikikutana na hewa yenye salfa, na husuguliwa ukaondoka. Tahadhari ni moja: alama inaweza kupigwa juu ya chochote, kwa hiyo nunua kwa mtu ambaye utamkuta mwakani.

Dhahabu ni ya kuulizwa zaidi kuliko vyote, kwa sababu ndiyo inayoaminiwa zaidi. Tuko kanda ya dhahabu. Geita wana soko la madini tangu Machi 2019, na Mwanza kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa Juni 2021. Lakini dhahabu safi ni laini, na sonara lazima aichanganye. Karati 24 ndiyo dhahabu tupu. Karati 18 ni sehemu 18 kati ya 24, yaani asilimia 75. Karati 9 ni asilimia 37.5, maana yake zaidi ya nusu ya pete hiyo ni kitu kingine, na hicho kingine ndicho kinachoamua kama kidole kitawasha. Dhahabu ya njano kwa kawaida huchanganywa na fedha na shaba, na hiyo ni salama kwa wengi. Dhahabu nyeupe ya masonara, sisemi pamba tunayoiita hivyo, ni habari nyingine: nyingine hufanywa nyeupe kwa paladi, nyingine kwa nikeli. Juu hupakwa rodi inayong'aa, na rodi ikilika baada ya mwaka mmoja au miwili, pete ya ndoa iliyonunuliwa kwa bei kubwa huanza kumtesa mvaaji, wakati ndoa yenyewe haina kosa. Nimesikia watu wakiitafsiri hali hiyo kuwa ishara. Wanandoa wadogo wanaoumizwa na tafsiri hiyo wanastahili kuambiwa habari za nikeli kwa sauti ya upole na mapema.

Kwa hiyo swali kwa sonara lisiishie kwenye karati. Mwulize: umechanganya na nini? Sonara anayejua kazi yake hafichi, na wengi wao hufurahi kuulizwa, kwa kuwa wateja wengi hujadili uzito tu. Mwenye pambo la urithi asiloweza kuliacha anaweza kulipaka rangi ya kucha isiyo na rangi sehemu inayogusa ngozi. Inasaidia kwa siku kadhaa, kisha inabanduka na kupakwa upya. Kacha za uzi na shanga zilizotungwa kwenye uzi wa pamba hazina shida hata kidogo, mradi kifungo kisiwe cha chuma.

Aliyekwisha kuvimba avue kwanza, kisha aende kwa mganga. Naomba sana asikimbilie tyubu kali za dukani, zile zinazotumika pia kujichubua, hasa kwa sikio la mtoto, maana zinanyamazisha muwasho huku zikiikondesha ngozi. Kupima aleji kwenyewe hufanywa kwa vibandiko vyenye chembe ya nikeli mgongoni, vinakaa siku mbili, vinabanduliwa, na ngozi inasomwa siku hiyo na tena siku mbili baadaye. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na waliosomea pale wametawanyika hospitali nyingi za nchi hii. Mwulizeni aliye karibu nanyi.

Yule mama wa makamo mwenye mtoto mgongoni hakununua siku ile. Alisema atarudi mumewe akilipwa pamba, na kijana akamwambia karibu, mayu, bei itakuwa hii hii. Ningekuwa na nafasi ya kumsogelea ningemwambia asubiri malipo hayo, kisha aende kwa sonara badala ya kurudi mezani, na asidai hereni nzima ya dhahabu. Ua la mbele linaweza kusubiri hadi binti akue. Tundu la mtoto linahitaji vijiti viwili tu vya dhahabu ya njano, karati 18 au zaidi, vyenye kichwa kidogo mbele na kizibo cha dhahabu hiyohiyo nyuma, kwa kuwa kizibo nacho kinagusa ngozi usiku kucha mtoto anapolala ubavu. Sonara anaweza kuvifanya vyote hivyo kwa gramu moja, au hata pungufu.